Kichupa cha Bibi Hakikutoka Kilwa

Bibi yangu mzaa baba alihifadhi wanja wake kwa zaidi ya miaka ishirini katika kichupa kilichopulizwa na fundi wa zama za Dola ya Roma, na alifariki bila kulijua hilo. Kwake kilikuwa "kichupa cha Mgiriki", kitu kidogo cha kioo kilichokaa juu ya kabati lake la nguo huko Lindi mjini, kati ya mrashi wa shaba na chetezo, na sisi wajukuu tulikatazwa kukigusa kama tulivyokatazwa kugusa mrashi, kwa kuwa vitu vya kujipambia vya mtu mzima havichezewi na watoto. Leo kichupa hicho kiko mbele yangu hapa Shangani, Mtwara, ndani ya boksi la viatu nililolitandika pamba, na nimeona niandike habari zake zote nizijuazo, kwa sababu mwezi uliopita niliombwa niziandike kwa uongo.

Kina urefu wa sentimita 11. Tumbo lake lina umbo la tone la maji linalokaribia kudondoka, kisha linapanda na kuingia katika shingo nyembamba iliyo ndefu kuliko tumbo lenyewe, na juu kabisa pana mdomo uliokunjwa kuelekea ndani. Ukiupitisha ukucha kwenye ukunjo huo unasikia kwamba haulingani, upande mmoja mnene na upande mwingine mwembamba, kama pindo la kanga lililoshonwa kwa mkono. Kitako kimebonyea kidogo ili kichupa kisimame, na hata hivyo kinasimama kwa kuinama. Ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha unaona mapovu ndani ya kioo, madogo kama vichwa vya sindano, na pale shingoni mapovu hayo yamekuwa marefu na yote yanaelekea juu, kwa kuwa yalivutwa pamoja na kioo kilipokuwa bado laini kwa moto. Rangi yake ni ya kijani chenye ubuluu, mithili ya maji ya ghuba ya Mikindani yanapofika magotini. Lakini rangi hiyo inaonekana upande mmoja tu. Upande wa pili umefunikwa na utando mwembamba unaong'aa zambarau, dhahabu na kijani kwa zamu, kama sehemu ya ndani ya gamba la chaza, na mahali utando unapokomea kuna mikwaruzo mingi ya duara. Nitaieleza mikwaruzo hiyo baadaye.

Katika familia yetu habari za kichupa hiki zinaanzia kwenye mkonge. Babu alikuwa karani wa mahesabu katika shamba lisilo mbali na mji wa Lindi, na meneja wake alikuwa Mgiriki, kama walivyokuwa wenye mashamba na mameneja wengi wa mkonge wa wakati ule. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipofuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge, familia ile ilifungasha vitu vyake na kuondoka, na vyombo vya nyumbani vikauzwa au vikagawiwa. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba Babu aliletewa saa ya ukutani, ambayo haipo tena, pamoja na kichupa hiki. Bibi akakinusa, akakifuta, akakitia wanja, na kijiti chake cha wanja kikawa kinapita katika shingo ile ndefu kama kwamba viwili hivyo vilitengenezwa pamoja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu wa kemia wa sekondari, niliona kwenye intaneti picha za vyombo vya kioo vya makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na miongoni mwake nikakutana na kichupa cha Bibi. Hakikuwa chenyewe, bali ndugu zake, kwa makumi, wenye shingo ile ile, tumbo lile lile na hata mwinamo ule ule. Vichupa vya umbo hili vilipulizwa kwa wingi katika karne ya 1 na ya 2 baada ya Kristo, na vilitiwa mafuta ya manukato, dawa na vipodozi. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya waliviita vichupa vya machozi, wakiamini kwamba wafiwa walikinga machozi yao humo na kumzikia maiti, na wapo wauzaji ambao hadi leo huvitangaza kwa jina hilo kwa kuwa linamgusa mnunuzi moyo. Mabaki yaliyopimwa ndani ya vichupa vya aina hii ni ya mafuta na vipodozi. Bibi, ambaye hakuwahi kusoma habari hizi popote, alikitumia kwa kazi ile ile kiliyotengenezewa, na naona fahari kulisema hilo.

Kinachonivutia zaidi kama mwalimu wa kemia ni jinsi kioo hiki kilivyotengenezwa kwa vitu ambavyo mtu wa kwetu anavijua kwa mkono. Mchanga mtupu huyeyuka kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,700 za Selsiasi, na matanuri ya kuni ya zama zile hayakuweza kufika huko. Warumi walichanganya mchanga na magadi, yale yale ambayo mpishi wa Lindi huyatia kidogo katika chungu cha kisamvu ili majani yalainike, na magadi yakaushusha mchanga hadi ukayeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi. Magadi yao yalitoka bonde la Wadi Natrun huko Misri, na neno hilo natron ndilo lililolipa jina ziwa letu la magadi la kaskazini, Ziwa Natron. Lakini kioo cha mchanga na magadi peke yake huyeyuka majini, kwa hiyo panahitajika chokaa ili kukiimarisha, na mchanga wa pwani ya Shamu na Palestina ulikuwa na chokaa ndani yake tayari, kutokana na vipande vya makombe yaliyosagika. Sisi tulichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mikindani na Kilwa, wao walikuwa nayo ndani ya mchanga wao na huenda hata hawakuifikiria. Na ule ukijani wa kichupa haukuwekwa na mtu yeyote, ni chuma kidogo kilichokuwamo mchangani.

Vioo vilikuwepo karne nyingi kabla ya Warumi, lakini chombo kimoja kiliundwa taratibu kwa kuzungushia kioo cha moto juu ya kiini cha udongo na kisha kukikwangua kiini chote kitoke, na kwa sababu hiyo kichupa cha manukato kilikuwa mali ya wakubwa. Karibu na katikati ya karne ya 1 kabla ya Kristo, kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati, mafundi waligundua kwamba kioo kilicholainika kinaweza kupulizwa kikavimba. Huko Yerusalemu wanaakiolojia walipata takataka za karakana ya wakati huo, vijibomba vya kioo vilivyobanwa upande mmoja na kupulizwa upande wa pili, ambavyo ni majaribio ya watu waliokuwa bado wanajifunza. Baada ya hapo kichupa kama hiki kilikuwa kazi ya dakika chache. Strabo, mwanajiografia aliyeishi wakati huo, aliandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu moja ya shaba. Na katika amri ya bei aliyoitoa Kaizari Diocletian mwaka 301, ratili moja ya vyombo vya kawaida vya kioo cha Uyahudi, kile cha kijani, iliwekewa bei isiyozidi denari 20, wakati kibarua wa shambani alipangiwa denari 25 kwa siku pamoja na chakula. Ratili ya Kirumi ni karibu theluthi moja ya kilo, na kichupa cha Bibi hakifiki hata robo ya uzito huo.

Naandika bei hizi kwa makusudi, kwa sababu mtu akisikia "kioo cha Kirumi" hufikiri mara moja juu ya hazina. Ni kweli kwamba vipo vyombo vya Kirumi vyenye thamani ya kutisha: kikombe kimoja kilichochongwa wavu wa kioo kukizunguka, kinachojulikana kwa jina la Constable-Maxwell, kiliuzwa mnadani London mwaka 2004 kwa zaidi ya pauni milioni 2.6. Lakini vichupa vya kawaida vya manukato vilitengenezwa kwa wingi mno, na vingi vimesalia, kiasi kwamba huko Ulaya kimoja kizima kisicho na mapambo mtu anaweza kukipata kwa fedha ambazo hapa Mtwara zingemtosha kununua baiskeli mpya. Tena kuna vya kughushi, vinavyopulizwa leo na kupakwa rangi au kubandikwa udongo kwa gundi ili vionekane vimefukuliwa jana. Utando wa kweli umo ndani ya ngozi ya kioo chenyewe na hubanduka kwa magamba membamba sana. Wa uongo hukaa juu kama rangi ya kucha.

Hapo ndipo niirudie mikwaruzo. Kichupa kinapokaa ardhini, unyevu wa udongo hunyonya magadi kutoka kwenye uso wa kioo, kidogo kidogo kwa mamia ya miaka, na kinachobaki ni matabaka ya mchanga mtupu yaliyo membamba kupindukia, moja juu ya jingine. Mwanga ukigonga matabaka hayo, sehemu yake hurudishwa na tabaka la juu na sehemu nyingine na la chini yake, na miali hiyo ikikutana hutoa rangi, kama unavyoziona rangi katika utando wa dizeli juu ya maji ya bandarini. Mafundi wa Ulaya na Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, akiwamo Louis Comfort Tiffany, walizitamani rangi hizo hadi wakatafuta njia ya kuziiga kwa kemikali. Lakini matabaka hayo yana tabia moja ya ajabu, kwamba ukiyalowesha, maji hujaza nafasi zilizo kati yake na rangi zote hufifia. Yakikauka, zinarudi.

Nyumbani kwetu hakuna aliyelijua hilo. Katika maandalizi ya Iddi mmoja wa shangazi zangu alishusha vyombo vyote vya juu ya kabati ili avisafishe. Alipokitia kichupa katika beseni la maji, rangi zile zilizimika papo hapo, akafurahi kwamba uchafu umetoka. Akakianika dirishani. Baada ya muda mfupi akaona uchafu umerudi wote, akakilowesha tena, ukatoka, akakianika, ukarudi, na mara ya tatu akachukua majivu na makumbi ya nazi akakisugua kwa nguvu zote kama anavyosugua sufuria. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nakumbuka maji ya beseni yalivyobaki na vimeta vidogo vya dhahabu na zambarau vikielea juu, nami nikadhani ni vitu vya sikukuu. Bibi alipoingia, upande mmoja ulikuwa umekwisha kuwa kijani kitupu. Hakusema neno, alikipokea, akakifuta kwa ncha ya kanga yake na kukirudisha mahali pake, ule upande uliosuguliwa akauelekeza ukutani.

Sasa nije kwenye uongo wenyewe. Rafiki yangu mmoja alinikutanisha na mtu anayenunua na kuuza vitu vya kale, ambaye hufika Mtwara mara kwa mara kutafuta vinyago na milango. Nilimpelekea picha kwa simu kwa sababu nilitaka jicho la mtu aliyezoea kuvishika vitu hivi. Alinipigia siku ileile jioni, na kwa haki nikiri kwamba anajua kazi yake, kwa kuwa aliniuliza habari za mdomo, kitako na mapovu kabla hajauliza bei.

"Mwalimu, mali yako ni halisi," alisema, "ila vichupa hivi vimejaa duniani. Tukiandika kwamba kimeokotwa Kilwa Kisiwani, hapo bei inakuwa nyingine kabisa."

Nilimwambia kwamba hakikuokotwa Kilwa, kilitoka kwa Mgiriki wa mkonge.

"Najua. Wewe andika tu barua, useme babu yako alikipata kwa mvuvi wa Kilwa. Babu ameshafariki, nani atabisha?"

Usiku ule sikulala vizuri. Fedha alizozitaja zingemaliza paa la nyumba ninayoijenga, na sitaki kujifanya kwamba hazikunigusa. Lakini kadiri nilivyoifikiria ile barua ndivyo nilivyoona kwamba aliyekuwa ananiomba niandike mistari mitatu alikuwa ananiomba niiharibu historia ya pwani nzima, na tena mahali palepale ilipo dhaifu zaidi.

Kuna maandiko ya baharia au mfanyabiashara wa Kigiriki wa katikati ya karne ya 1, yanayoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, ambayo ndiyo maelezo ya zamani kuliko yote tuliyonayo kuhusu biashara ya pwani yetu. Mwandishi wake anaishusha pwani hii bandari kwa bandari hadi soko la mwisho kabisa, Rhapta, ambalo anasema limepata jina lake kutokana na mashua za kushonwa. Anataja vilivyopelekwa huko kuuzwa: mikuki iliyotengenezwa Muza huko Arabuni, vishoka, visu, misharasi, na vitu vya kioo vya aina mbalimbali. Anataja vilivyochukuliwa: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Kwa hiyo kioo cha zama za Roma kilifika Afrika Mashariki, neno lenyewe limo katika maandiko, na kinachotafutwa hadi leo ni mahali Rhapta ilipokuwa. Wengi wanaielekeza macho delta ya Rufiji, jirani na Kilwa upande wa kaskazini, ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipata shanga za kioo alizozitambua kuwa za Kirumi, na mwaka 1999 akachapisha matokeo yake. Ni shanga. Vitu vidogo kuliko punje ya choroko, vilivyochekechwa kutoka kwenye udongo na kupimiwa kina, na juu ya punje hizo ndogo umesimama mjadala mkubwa wa wasomi.

Sasa fikiria chupa nzima ya kioo cha karne ya 1 au ya 2 ikitokea sokoni na barua inayosema "Kilwa Kisiwani". Mwanafunzi wa akiolojia angeiweka katika tasnifu yake. Mwingine angemnukuu huyo. Baada ya miaka 20 ramani ya biashara ya kale ingekuwa na nukta mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa sababu ya paa langu la bati. Na hata mtu asiye msomi angeweza kuuona uongo ule kama angetulia, kwa kuwa mji wa mawe wa Kilwa, ule ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao magofu yake yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, ulistawi miaka zaidi ya 1,000 baada ya kichupa hiki kupulizwa. Mfanyabiashara yule alilitaja jina la Kilwa kwa sababu ndilo jina ambalo mnunuzi wa mbali amewahi kulisikia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nadhani hakulipima. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863 kinalindwa, na hata milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, ile anayoifuata Mikindani, imo katika ulinzi huo. Kuchimba bila kibali ni kosa. Barua aliyoitaka ingeweza kusomwa kama ungamo la uhalifu ambao babu yangu hakuufanya, tena lenye sahihi ya mjukuu wake.

Lakini kilichonisumbua zaidi kuliko sheria ni kaburi. Chombo cha kioo kilichoishi miaka 1,900 bila kuvunjika kwa kawaida hakikuishi barabarani wala jikoni. Kilikaa mahali ambapo hapana anayepita, na mahali hapo kwa Warumi palikuwa kaburini, kando ya marehemu aliyewekewa manukato yake. Maana yake ni kwamba kichupa cha Bibi, yaelekea sana, kilitolewa kwenye kaburi la mtu, katika nchi fulani ya pembezoni mwa Bahari ya Kati, na aliyekitoa hakuandika ni kaburi la nani, lilikuwa na nini kingine, wala lilikuwa kijiji gani. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Aliyefika Kaole au Kunduchi ameyaona makaburi ya nguzo yenye matundu ya mviringo yaliyo matupu, ambamo zamani yalijengewa mabakuli ya Kichina, na mabakuli yakang'olewa na watu waliopenda uzuri wake. Huko yaliko leo yanaitwa mabakuli ya Kichina ya karne fulani. Jina la marehemu aliyewekewa limebaki na tundu.

Nililinganisha pia na Tendaguru, kwa kuwa mtu wa Lindi hawezi kuzungumzia vitu vilivyoondoka bila kuikumbuka. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa kwenye kilima kile, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimama katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Nina uchungu na safari ile, na sijabadili mawazo kuhusu mahali mifupa hiyo inapostahili kuwa. Hata hivyo kila mfupa uliandikiwa shimo ulimotoka, na kwa sababu hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kusema kwamba mnyama yule ni wa kwingine. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikanunuliwa na kuwekwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, kilirudishwa Tanzania mwaka 2010. Kilikuwa na kwao panapojulikana. Kichupa cha Bibi kilikuja kwetu kikiwa kimekwisha kupoteza kwao, na barua ile ingekipa kwao kwa bandia, ambako kungeziba kabisa njia ya mtu atakayekuja siku moja kutafuta kwao kwa kweli.

Nilimpigia nikamwambia siandiki. Hakukasirika. Alinitakia kheri, akasema nikibadili mawazo namba ninayo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Lindi, kwa shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 12 Wagiriki walipoondoka na ambaye sasa ndiye peke yake aliyebaki wa kizazi kile. Nilibeba kichupa, daftari na kalamu, na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe niliyoikuta katika makaratasi ya Babu. Ndani ya picha Bibi ameketi kando ya kabati lake, amejitanda, macho yake yamepakwa wanja uliokolea, na nyuma ya bega lake la kushoto, kati ya mrashi na chetezo, shingo ya kichupa inaonekana wazi. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa kikarani wa Babu, imeandikwa "Iddi el Fitri 1969". Wanaohusika na mambo haya watajua kwa nini mwaka ule ulinifanya nisimame. Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni ni wa mwaka 1970, na makumbusho na wanunuzi waaminifu wa nchi nyingi huuliza kwanza kama kitu kilikuwa kimekwisha kutoka kwao kabla ya mwaka huo. Yule mfanyabiashara nilimtumia picha hii pamoja na nyingine. Alisema ina ukungu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekileta?"

Alikishika kwa viganja viwili kwa muda mrefu, kisha akanisahihisha jambo ambalo familia nzima tulikuwa tumelikosea. Hakupewa Babu. Alipewa Bibi, mkononi, na mke wa meneja. Kila mwezi Bibi alikuwa akimpelekea mama yule mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, ya kupaka nywele, na siku za mwisho mama yule alikuja kuaga hadi mlangoni, akamwambia kwamba kichupa kilikuwa cha mama yake, kimetoka kisiwani kwao, na kwamba ni cha mafuta. Jina la kisiwa Shangazi halikumbuki. Nililiandika hivyo hivyo, kwamba halikumbuki, na nikaacha mstari mtupu chini yake endapo siku moja litamjia. Niliandika pia kwamba weusi uliokauka ndani ya kichupa ni wanja wa Bibi, na kwamba usioshwe na mtu yeyote.

Nilimsomea yote polepole. Akaitikia kila mstari kwa kichwa, nikampa kalamu atie sahihi. Aliishika, akakigeuza kichupa upande wa mikwaruzo, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Bado hujaandika la majivu," alisema. "Andika kwamba ni mimi, Iddi ya mwaka 1983, na kwamba nilidhani ni uchafu."

Nikaandika, akatia sahihi.